Paka Anayekutoroka Ana Akili

Watu wangu, hebu niseme: paka anayekukimbia si mshamba, ana akili. Hapa Isiolo paka wa mtaani amelelewa na mawe. Akisogea bucha anamwagiwa maji, akichungulia jikoni anaitwa mwizi. Halafu wewe umwite "pusi pusi" mara moja, ukasirike asipokuja? Kwani anakujua?

Kwenye ploti yetu kuna mmoja, jike la kijivu, sikio moja limechanika. Nilianza na vichwa vya omena, kila siku saa ile ile, baada ya Maghrib. Nikishaweka narudi mlangoni, nakaa chini nikimgeuzia ubavu. Kwa paka, kukodolewa macho ni vita. Mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba ukimfumbia paka macho polepole, naye hukufumbia, na huwa tayari zaidi kukusogelea. Nilicheka, kisha nikajaribu. Majirani wakaniona nasinzia mbele ya paka, wakasema huyu sasa amepotea. Siku ya 19 akanijibu.

Maziwa sikumpa, hata haya ya ngamia tunayoringia. Paka wengi wakubwa huwaharibu tumbo. Maji tosha. Na usimkamate kwa nguvu. Kichaa cha mbwa hata paka anacho. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki ya sita akapitisha mgongo kwenye goti langu. Raha, lakini roho ikanidunda. Kuna mzee hapo nyuma anayetega sumu kwenye matumbo, ameapa paka wataisha. Kuogopa watu ndiko kumemweka hai huyu. Kwa hivyo chakula ni mlangoni kwangu tu, na hakuna mtoto wa ploti anayeruhusiwa kumwita.

Nikaenda kwa mzee, nikamsalimia, nikamwambia shida yangu. Akaniuliza, "Kijana wangu, huyo paka ni wako?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mfunge kitambaa shingoni nimjue. Wa mtu siwezi gusa."

Kitambaa ninacho mfukoni, chekundu, na nimejifunza fundo linaloachia likikwama. Mgongo ananipa, kichwa ananipa. Shingo bado. Jana nilifika hadi nyuma ya lile sikio lililochanika, akaondoka pole pole, bila kukimbia.