Matairi Mawili Yaliyokula Karo ya Binti Yangu

Msomaji mpenzi, je, umewahi kununua kitu cha bei nafuu, kisha kikakugharimu kuliko kipya? Kama bado, keti nikusimulie. Huenda ukaokoa pesa zako.

Mimi naishi Ruiru, naye mama mzazi yuko Makongeni, Thika, takriban kilomita 20 kutoka kwangu. Miguu inamsumbua, na kumpandisha matatu kila siku ya kliniki kulinitia uchungu. Isitoshe, mvua za Aprili zinaponyesha, njia ya kuingia mtaani kwetu hugeuka tope. Ndipo nikanunua gari ambalo injini yake huzungusha magurudumu yote manne, maana gari la aina hiyo halikwami ovyo.

Lilikuwa jipya? La hasha! Kwa kawaida sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8. Langu liliingia kihalali, lakini lilipofika mikononi mwangu lilikuwa na umri wa miaka 17, nami nilikuwa mwenyewe wa nne. Bei ilikuwa tamu. Sikujiuliza kwa nini wale watatu waliliachilia.

Mwaka wa kwanza ulipita salama. Kisha matairi yakaisha. Muuzaji alinishauri ninunue yote manne. Nikajiona mjanja, nikanunua mawili ya mbele na kuokoa shilingi 16,000.

Baada ya miezi michache, kila nilipokata kona gari lilishtukashtuka kana kwamba kuna mtu analivuta kwa nyuma. Mama watoto aliponiuliza, nilisingizia barabara, nikaongeza sauti ya redio.

Siku moja nikimrudisha mama kutoka kliniki, tulipokuwa tukikata kona kuingia Makongeni, mlio mkubwa ulisikika chini ya gari. Likakataa kusonga.

Fundi mmoja mzee wa jua kali alilala chini akachungulia. "Kijana wangu," aliniambia akijipangusa mafuta, "matairi yako ya mbele na ya nyuma si ndugu."

Akanieleza. Kwenye kona, magurudumu ya mbele husafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwa hivyo, katika gari kama langu kuna difu ya kati inayoruhusu tofauti hiyo. Tairi lililoisha ni dogo kuliko jipya, na hujizungusha mara nyingi zaidi kumaliza mwendo ule ule. Basi difu yangu haikupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Kutoka Ruiru hadi Thika ilikuwa ikifanya kazi ya kona, ikapata moto hadi ikafa.

Difu nyingine, nayo ya mtumba, pamoja na mafuta na ufundi ilikuwa shilingi 67,000. Pesa zilizokuwapo nyumbani zilikuwa za karo. Nilizichukua bila kumwambia mtu, nikakopa zilizobaki.

Shule zilipofunguliwa, binti yetu alirudishwa nyumbani saa nne asubuhi, mkoba mgongoni. Mama watoto hakupiga kelele. Alisema tu: "Baba watoto, ungeniambia gari linagonga, tungetafuta pesa za matairi mawili pamoja."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ile bei ya difu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuona, nikaufunika kwa redio.

Msomaji, ukitamani gari kuukuu la aina hii, kwanza liendeshe polepole mahali pakavu penye lami, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Likishtukashtuka, aga uende zako. Ukilinunua, badilisha matairi yote manne pamoja, ya aina moja na ukubwa mmoja. Likianza kulalamika, mwambie fundi siku hiyo hiyo. Na kabla ya fundi, mwambie mwenzako nyumbani.

Unauliza karo ililipwa na nani? Mama alipopata habari, alifungua fundo la leso yake, akahesabu akiba ya biashara yake ya mboga, akanikabidhi bila neno. Nilinunua gari ili nimbebe. Mwishowe yeye, na miguu yake mibovu, ndiye aliyenibeba.