Tamasha na Sikio la Mwanafunzi

Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Likoni, anayejiandaa kwenda Unguja kwa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, asikimbilie majina yavumayo tu. Atangulize taarabu: Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoasisiwa 1905, na Culture Musical Club cha 1958, iwapo vimo katika ratiba. Humo vina, mizani na mafumbo aliyofundishwa darasani atavikuta vi hai.

Arejeapo kwao, asiipuuze sengenya ya Wadigo, yenye zumari na upatu, eti kwa kuwa haina kiingilio. Aketi na wapigaji, aandike maneno ya nyimbo. Tamasha hurudi kila Februari; wazee wanaozijua maana zake hawarudi.