Betri ya Mvua

Sura ya tatu ya riwaya yangu niliiandika kwa mshumaa. Ilikuwa mwishoni mwa 2023, mgao wa umeme umepamba moto Dar es Salaam, nami nimeinamia kaunta buku huku nta ikidondokea maneno. Basi kijiweni ubishi ukianza, mimi nilikuwa upande wa Bwawa la Julius Nyerere. Mashine 9, kila moja megawati 235, jumla megawati 2,115. UNESCO iliyoliweka Pori la Selous kwenye orodha yake tangu 1982 na ilie tu, nilisema, sisi tunataka taa.

Jamaa mmoja, fundi redio, alikuwa na lake. "Siku hizi kuna mabetri makubwa, bwana. Na jua tunalo bure." Akataja Hornsdale, Australia Kusini, iliyowashwa 2017, mwaka mmoja baada ya jimbo lile zima kuingia gizani. Nikamkata kauli: betri ile ilianza na megawati 100, ujazo wake megawati-saa 129. Ukiikamua yote, saa moja na robo imekwisha! Bwawa linatunza maji ya miezi. Kijiwe kikacheka, nikajiona mbunge.

Sikusema kwamba bwawa nalo ni betri, ila chaja yake ni mvua. Mwaka 2006 mvua ziligoma, maji ya Mtera yakapungua, mgao ukatukalia.

Februari 2024 mashine ya kwanza ilikuwa inazalisha. Aprili, Rufiji ikafurika. Shangazi yangu akaja kutoka huko na mfuko mmoja wa nguo, mpunga wake wote uko chini ya maji. Serikali ilisema ni mvua za El Nino, si bwawa. Wengine walilinyooshea bwawa kidole. Nikaanza kumpigia shangazi hesabu zangu za megawati. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umeme huo wewe unaufanyia nini, mwanangu?"

"Naandika kitabu, shangazi."

"Mimi nimo?"

Nikakosa jibu.

Mashine zote 9 zilikamilika 2025. Bado nalitetea bwawa, lakini fundi redio nimemwomba radhi: jua na betri zake zikibeba saa za jioni, maji yatabaki kwa kiangazi. Sura ya tatu nimeichana. Naiandika upya, taa inawaka, na shangazi amelala chumba cha pili.