Breki Inayolia na Breki Inayosaga

Mwenye gereji wa mtaani kwetu, hapa Sheffield, ana swali moja tu kuhusu breki: je, zina kelele? Kiswahili hakitosheki na swali hilo. Breki hulia, husaga, hukwaruza, hugonga, na kila kitenzi kina ugonjwa wake.

Kilio cha asubuhi, baada ya usiku wa mvua, si ugonjwa. Diski hushika kutu nyembamba, na kukanyaga pedali mara chache huifuta. Kilio chembamba kisichokoma ni habari nyingine: pedi nyingi zina kibati kinachogusa diski tabaka la kusugulia linapokaribia kwisha. Kimewekwa makusudi kilie. Kusaga ndiko kunakotisha, kwa kuwa tabaka limekwisha, chuma kinakula chuma, na gari huchelewa kusimama. Katika mji wa vilima kama huu, chini ya mteremko huwa kuna njia panda.

Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga na ambaye hajawahi kushika usukani, ndiye aliyelitamka neno lenyewe, akiwa kiti cha nyuma kando ya mjukuu wake: “Mwanangu, gari hili halilii. Linasaga.”

Siku hiyohiyo nililiegesha penye tambarare, nikalegeza nati kabla ya kupiga jeki, nikaliegemeza juu ya stendi (jeki peke yake si ya kuaminiwa), nikavua gurudumu. Pedi ya nje ilikuwa na milimita 4. Ya ndani ilibaki bati tupu. Anayechungulia kati ya mikono ya rimu huiona ya nje tu, akaondoka ameridhika. Chanzo kilikuwa pini ambazo kalipa huteleza juu yake: moja iliganda kwa kutu, pistoni ikawa inaielemea pedi ya ndani. Kubadili pedi bila kuitibu pini ni kununua kelele ileile kwa mkopo.

Nilibadili pedi na diski za magurudumu yote mawili ya mbele, nikasafisha pini na kuzipaka grisi ya breki inayostahimili joto.

“Na upande ule mwingine una kosa gani?” Mama aliuliza.

Nikamweleza kwamba upande mmoja ukishika kuliko mwenziwe, gari huvutwa pembeni.

Kisha, gari likiwa limesimama, nilikanyaga pedali tena na tena mpaka ikawa ngumu. Pistoni zikisharudishwa nyuma, kanyago la kwanza huzama hadi sakafuni, na barabarani si mahali pa kuligundua hilo.