Kamera ya Jicho la Samaki Imenitia Adabu

Wiki tatu sijaposti picha mpya, na baadhi yenu mmenitumia meseji mkiuliza kama simu imeibwa Likoni. Simu ninayo. Nilikuwa nasubiri filamu ioshwe.

Ndiyo, filamu. Ile ya kizamani, ya kuzungusha kwa kidole. Binamu yangu alipata kamera ya mtumba huko Nairobi, aina ya Fisheye ya Lomography, kampuni ya Vienna ambayo imekuwa ikiziuza tangu 2005. Akaniachia kwa elfu tatu. Ukiishika utacheka: plastiki tupu, nyepesi kama kidude cha mtoto wa chekechea, ila mbele ina lenzi imevimba kama jicho la changu aliyelala sokoni tangu asubuhi.

Hakuna cha kurekebisha. Unabonyeza, basi. Inaona digrii 170, yaani karibu kila kitu kilicho mbele yako kutoka bega hadi bega. Picha inatoka duara, pembeni giza, kama unachungulia kwa tundu. Picha zangu tano za kwanza zote zilikuwa na kidole changu ndani.

Hilo jina la jicho la samaki si mbwembwe. Mwaka 1906 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alitaka kujua samaki anauonaje ulimwengu ulio juu ya maji. Akatengeneza kamera ndani ya ndoo, akaijaza maji. Mwanga unapoingia majini hupinda, kwa hivyo mbingu nzima, upeo hadi upeo, inabanwa ndani ya duara moja. Huamini? Maji yakijaa pale Diani, siku bahari imetulia, zama kidogo ulale chali uangalie juu. Utaliona hilo duara la mwanga, na kulizunguka pote giza la bahari. Changu wetu wanaishi hivyo kila siku.

Sasa, shida ya hii kamera. Inasukuma kila kitu mbali. Nilienda Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, nikasimama nilipozoea kusimama na simu. Mibuyu ilitoka imepinda kama wazee wanaoinamiana kusalimiana, poa sana, lakini msikiti wenyewe ulikuwa kama punje ya mchele. Mnazi ulio hatua kumi kutoka kwako unakuwa njiti ya kiberiti. Ukitaka uso wa mtu uonekane, lazima usogee karibu, umbali wa mkono. Karibu kiasi cha yeye kujua kama umepiga mswaki.

Na hapo ndipo niliposhikwa. Mimi picha zangu za watu zote nimezipiga kwa zumu. Nakaa kivulini na simu, navuta mvuvi, navuta mama anayerudi kutoka mwambani na pweza, navuta watoto wanaoruka majini. Natia filta, naposti, nyinyi mnapenda. Sijawahi kumuuliza hata mmoja. Ile picha ya mgongo wa mvuvi iliyotazamwa sana mwaka jana, jina lake silijui mpaka leo.

Basi jioni moja niko Msambweni, pale wavuvi wanapovuta vyombo vyao juu ya mchanga. Nikapiga ngalawa moja jua likiwa bado kali. Kisha nikamwona mzee ameketi chini ya banda la makuti akishona nyavu. Kwa simu ningemalizana naye nilipo. Kwa hiki kidude ilibidi nitembee hadi mbele yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wataka nini na hicho?"

"Naomba nikupige picha."

Hakuinua sindano. "Hapa twapigwa sana. Mzungu apiga, Mkenya apiga, nawe wapiga. Mimi hata moja sijaiona."

Wee. Nilikuwa na majibu ya kila aina kichwani, na hakuna hata moja lililofaa. Nikabaki kusema, "Nitakuletea, babu."

"Utaleta?"

"Nitaleta."

Akaweka nyavu chini. Akanawa uso, akatuma kofia iletwe, kisha akamwita mjukuu wake aje akae naye. Mtoto naye akataka kuvaa shati. Nilikumbuka zile picha za N.V. Parekh, aliyekuwa na studio yake Mombasa enzi za wazazi wa bibi zetu. Watu walijipamba, wakachagua mkao, wakaamua wenyewe wataonekana vipi. Huyu mzee alikuwa anafanya studio yake hapo hapo, na mimi nikasubiri.

Tatizo ni kwamba jua halikusubiri. Walipokuwa tayari magharibi ilikuwa imeingia, na chini ya makuti ni giza zaidi. Betri ya flashi ilikuwa imekufa. Nikapiga mbili, nikaomba Mungu.

Filamu moja ni picha 36, na mimi ilinila karibu elfu mbili, kuosha mbali. Nikaituma Nairobi kwa basi. Zilizorudi nzuri ni 22. Zile mbili za mzee na mjukuu? Nyeusi tititi. Kosa ni langu kabisa. Kamera hii inafungua jicho kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde, saa zote, iwe mchana au usiku. Juani inakupa rangi mpaka unashangaa. Gizani haina huruma.

Siku mbili nilijiambia si lazima nirudi. Nani atajua? Kisha nikaangalia vizuri ile ya ngalawa, niliyoipiga kabla ya kumsalimia mtu. Ngalawa imejipinda katikati, na pembeni kabisa, kwa sababu lenzi haichagui, yupo mzee. Mdogo kama sisimizi, ananitazama. Kumbe alikuwa ameniona muda wote.

Nikaisafisha hiyo, nikapanda matatu Ukunda hadi Msambweni. Nikamwambia ukweli: zenu hazikutoka, iliyotoka ni hii. Akaisogeza hadi puani, akageuza duara huku na huku. Alipojiona akacheka.

"Kumbe ulikuwa waniibia."

"Ndiyo, babu."

"Na huyu mtoto wangu yuko wapi?"

"Hayupo. Giza lilimmeza."

Akanyamaza kitambo, mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kuaga. Kisha akasema, "Njoo Jumamosi, asubuhi. Jua likiwa juu, si mambo yako ya magharibi."

Nikaenda. Safari hii kofia ilikuwa nyingine, na mtoto alishavaa shati hata kabla sijafika. Nilikaribia mpaka nikasikia harufu ya chumvi kwenye nguo zao, nikapiga nne.

Nimefuta picha saba kwenye ukurasa wangu, ile ya mgongo ikiwemo. Msiniulize ziko wapi. Na simwambii mtu atupe simu yake, maana hata hii naiandika kwa simu. Nasema tu ukija Diani Disemba na umpende mtu kwa macho, acha zumu. Tembea zile hatua ishirini, salimia, uliza. Akikataa, amekataa, na bahari bado ipo. Akikubali, peleka picha.

Filamu inaenda Nairobi Ijumaa. Ya babu hamtaiona hapa mpaka yeye aione kwanza, na akisema isipostiwe, basi haitapostiwa.