Kifaurongo wa Karagwe

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa chonga ni nani. Ni mbawakavu mweusi mwenye pembe kichwani, arukaye usiku akautoboa moyo wa mnazi. Kuti changa likikunjuka, huonekana limekatwa kama kwa mkasi. Watoto wake hunenepa kwingine, katika magogo yanayooza na marundo ya samadi.

Nilipokwenda Karagwe kufundisha, nilidhani adui wa namna hiyo nimemwacha pwani. Huko kuna migomba. Kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba, ndicho chakula na ndiyo heshima ya mtu. Humo pia hutoka lubisi, maji ya ndizi mbivu yaliyochachushwa kwa mtama.

Mwenye kukibomoa kibanja ni fukusi wa migomba. Si wa ukoo wa chonga, kwani ana mdomo mrefu mfano wa mkonga, na urefu wake wote ni milimita 10 hadi 15. Buu lake hula tunguu chini ya ardhi. Kwa juu mgomba waweza kuonekana mzima, hata siku upepo unapouangusha pamoja na mkungu wake, na mashimo yakawa wazi. Mdudu mwenyewe ukimgusa hukunja miguu akalala kama maiti. Mdudu wa tabia hiyo Kiswahili humwita kifaurongo.

Ana mbawa, lakini ni nadra kuruka, na kwa miguu hafiki mbali. Vipi basi amevuka milima ya Karagwe na ya Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012? Amebebwa. Husafiri ndani ya machipukizi ambayo watu hupeana kwa wema.

Bibi mmoja, jirani yangu, alipoombwa chipukizi alichukua panga akalimenya tunguu lote mpaka likawa jeupe. Mwombaji, kijana aliyekuwa anaanza kujenga, alinuna akidhani anapunjwa. Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, nikikupa na maganda yake nitakuwa nimekupa na njaa yake."

Kati ya 1997 na 2002 wakulima wa Kagera waligawiwa machipukizi ya aina mpya, zikiwamo za FHIA kutoka Honduras, zenye mikungu mikubwa na ustahimilivu wa maradhi. Zimesaidia. Hata hivyo, wazee niliokaa nao hawakukubali kuagana na ndizi zao za kale za kupika, na anayetaka kuzirithisha hana budi kuzimenya tunguu kwanza.

Tangu hapo gogo la mnazi nalitazama kwa jicho jingine. Nikiliacha lioze uani kwangu, namlea chonga atakayeutoboa mnazi wa mwenzangu, kwani yeye mbawa anazo na mpaka haujui. Kule, ujirani ni kukimenya unachokitoa. Huku, ni kukipasua na kukichoma unachokiacha.