Majilio Kando ya Bandari

Jumapili moja ya mwanzo wa Desemba shuka Posta ya Zamani, uelekee Kanisa Kuu la Kilutheri la Azania Front. Mnara wake na paa lake la vigae vyekundu vimeitazama bandari ya Dar es Salaam tangu mwaka 1902. Huko mjini maduka yamekwisha kuimba Krismasi tangu Novemba. Humu ndani bado. Zambarau ndiyo rangi ya majira haya, na kwa kalenda ya Kanisa mwaka mpya umekwisha kuanza.

Neno Majilio latokana na kujia: si kufika tu, bali ni kumjia mtu. Majira haya huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, yakawa na Jumapili nne. Asiyeyajua hudhani yahusu mtoto wa Bethlehemu peke yake. Kumbe masomo ya Jumapili ya kwanza hayamtaji mtoto. Yanahusu kukesha, kama bawabu asiyejua saa ya kurudi kwa mwenye nyumba.

Makanisa mengi huweka shada la majani mabichi lenye mishumaa minne, na kila Jumapili huwashwa mmoja zaidi. Desturi hiyo ilizaliwa katika nyumba ya maskini. Mwaka 1833 Johann Hinrich Wichern, Mlutheri wa Hamburg, Ujerumani, alifungua makao ya watoto waliotupwa na umaskini, yaitwayo Rauhes Haus. Watoto hao, kama walivyo wa kwako na wangu, hawakuchoka kuuliza: bado siku ngapi? Mwaka 1839 Wichern alichukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa mikubwa meupe ya Jumapili na midogo mekundu ya siku za kazi. Jibu likawa mbele ya macho yao, nao wakajifunza kuhesabu.

Hilo nalisema kwa ajili ya mfanyakazi ambaye mwezi huu anapiga hesabu ya nauli ya kwenda nyumbani na nguo za watoto, na hesabu haitimii. Sikukuu yaweza kudai fedha, kuingoja hakudai. Mishumaa minne na tawi la mvinje vyatosha, na umeme ukikatika jioni hiyo, basi ni heri.

Sasa toka nje, ufuate Barabara ya Sokoine, bandari ikiwa kushoto kwako. Mwendo ni mfupi, hata hujatoka jasho, nawe uko mbele ya Kanisa Kuu Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Shada la Wichern nalo lilifunga safari kama hiyo, ila polepole mno: lilitundikwa katika kanisa la Kikatoliki huko Köln mwaka 1925.

Hapa utasikia pengo. Wimbo wa Utukufu, ambao huimbwa Jumapili za kawaida, haupo. Jumapili ya tatu padre aweza kuvaa rangi ya waridi, kama mtu aliyeona taa ya meli kwa mbali, kisha zambarau hurudi. Urefu wa juma la nne hutegemea mwaka. Mwaka 2023 Jumapili ya nne iliangukia tarehe 24 Desemba: asubuhi mshumaa wa mwisho uliwashwa, na jioni ile ile zambarau ikaondolewa, nyeupe ikatandikwa, na Utukufu ukaimbwa.